Chokaa ya Ukuta wa Nyuma

Sabina Kashindye hakumkabidhi mteja nguo kabla ya kuigeuza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kibanda chake cha ushonaji pale Igoma. Uje na haraka ya harusi, uje na bodaboda inakungoja nje imewashwa, lazima ukae kwenye benchi, naye aligeuze gauni lako ndani nje na kukuonyesha mshono mmoja mmoja kwa kidole. Kama mkasi uliteleza akaweka kiraka, kiraka hicho ndicho alichokuonyesha kwanza, kabla hujaona uzuri wowote.

"Hapa nimekosea," angesema. "Nimeziba. Ukikataa, kataa sasa tukiwa tunatazamana."

Wengine walikataa kweli. Walio wengi walichukua, na mwaka uliofuata wakarudi na vitambaa vingine. Mafundi wa vibanda vya jirani walimcheka, wakasema Sabina anauza nguo kama mtu anayeungama kanisani. Hakuwajali. Mtu anayeficha kasoro, aliwajibu, hajauza nguo. Ameuza ugomvi, na siku ya kuupokea itafika.

Sheria hiyo aliishika kwa kila alichouza. Kwa alichonunua, alilegea mara moja tu, na mara hiyo moja ilikuwa nyumba.

Baba yao alipofariki aliacha ng'ombe huko Magu, na ng'ombe hao walikuwa chini ya uangalizi wa Shigela, kaka yake Sabina. Mama yao alikuwa bado yupo, ila miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na safari ya hospitali ilimtoa jasho kila mwezi. Watoto wake wawili wakakaa, wakakubaliana: ng'ombe wauzwe wote, Sabina aongeze akiba yake ya cherehani, inunuliwe nyumba mjini, mama aje kukaa na binti yake karibu na madaktari. Kwa familia ya Kisukuma, kumaliza ng'ombe zizini si neno la kutamkwa ovyo. Shigela alilitafuna jambo hilo msimu mzima wa kilimo. Siku wanunuzi walipokuja kuwaswaga ng'ombe, alisimama mlangoni mwa zizi na fimbo ya marehemu mkononi.

"Sabina," alisema, "zizi hili likishabaki tupu, nataka nimwone mama chini ya bati lako. Sitaki kuja kuona kitu kingine."

"Utamwona, kaka," Sabina alimjibu, na aliamini hivyo.

Dalali aliyempata aliitwa Mihayo, kijana wa maneno mengi na viatu vyenye ncha. Mihayo alimpeleka ukingoni mwa Igoma, ng'ambo ya karakana za mwisho, mahali ambapo mawe makubwa yanaanza kupungua na viwanja vinapanuka. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na baraza inayotazama mashariki. Nyuma yake, juu kabisa, zilipita nyaya nene za umeme mkubwa zilizobebwa na minara ya chuma kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Waya wa pembeni ulikaribia kuwa juu ya paa.

Mwenye nyumba, Mzee Chenge, aliwapokea kwa kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwako."

Alisema "kwako" kabla hata bei haijatajwa. Sabina alilipenda neno hilo, na mtu anayependa neno la muuzaji ameshaanza kusinzia.

Lakini alikagua. Alipanda juu ya meza kutazama kenchi kama zina mchwa. Aliparua lipu kwa ukucha. Alifungua na kufunga kila mlango, akasikiliza bawaba. Kisha akatoka nje, akatazama juu.

"Na hizi nyaya?"

Mihayo alicheka, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, hizo zinapita tu. Zina safari zake, wewe hazikujui. Wenzako wanalia nguzo ziko mbali, wanadaiwa gharama za kuvuta waya. Wewe umeletewa umeme mpaka dirishani, bado unauliza!"

"Huu si wa kuwasha taa, Mihayo. Huu ni wa kuwasha mji."

"Basi utakuwa jirani na mji."

Sabina naye akacheka. Akazunguka nyuma. Kuta tatu za nyumba ile zilikuwa na lipu ya zamani, kijivu, haijawahi kupakwa chochote. Ukuta wa nyuma, ule unaotazama minara, ulikuwa mweupe kwa chokaa mpya.

"Naona mmenipakia na chokaa kabisa," alisema.

"Huku ndiko jua linakopiga," Mzee Chenge alijibu. "Nikasema mgeni asikute uchafu."

Hapo ndipo Sabina alipovunja sheria yake. Mtu angemletea gauni kuukuu lenye upande mmoja mpya, asingeuliza mara mbili. Angejua kasoro iko upande huo huo, na angeligeuza hapo hapo. Alikuwa ameishi kwa maarifa hayo tangu usichana wake. Lakini siku ile alimwona mama yake ameketi kwenye baraza asubuhi, miguu juani, na picha hiyo ikamziba macho. Kutaka kitu sana hakumwondolei mtu wajibu wa kukikagua. Wengi hujitetea kwamba walidanganywa, nao walikuwa wameshamsaidia mdanganyifu nusu ya kazi.

Walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wakaitwa, sahihi zikawekwa. Mzee Chenge alihama wiki ile ile. Sabina akahamia, akapanga kumleta mama baada ya mvua za vuli, mama mwenyewe atakapokuwa amemaliza kupalilia mihogo yake ambayo hakutaka kumwachia mtu.

Aliishi pale kwa raha. Asubuhi zenye ukungu kutoka ziwani nyaya zilivuma kama nyuki walio kwenye mzinga wa mbali. Siku moja alianika mashuka kwenye waya wa kuanikia nguo na vidole vikamchonyota kama vimeguswa na umeme. Aliukata waya ule, akafunga kamba ya katani, akawaambia wateja wake kwamba kwake hata kamba ya nguo ina adabu zake. Aliweka kitanda cha mama chumba cha mbele. Alimshonea mapazia.

Kisha mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua ya kweli, ile inayotoka upande wa ziwa imelala, na ilipiga ukuta wa nyuma mchana kutwa. Ilipokatika Sabina alitoka kumwaga maji yaliyojaa kwenye ndoo, akaona mfereji chini ya ukuta umekuwa mweupe kama maziwa. Akainua macho. Chokaa haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta. Ilikuwa imebanduka katika mistari miwili iliyokatana, na chini ya mistari hiyo ilikuwepo X nyekundu, ndefu kumzidi yeye mwenyewe.

Hakuna mtu mjini anayehitaji kufundishwa maana ya alama hiyo. Nyumba yenye X itavunjwa.

Kesho yake hakufungua kibanda. Alikwenda kwa watu wa umeme, akaelekezwa kwa dada mmoja mwenye ramani mezani. Yule dada alimsikiliza, akaweka kidole kwenye ramani, akakiacha pale kwa muda.

"Mama, nyumba hii iko ndani ya mkuza," alisema. "Mkuza ni ile ardhi ya chini na kando ya nyaya. Haijengwi, hailaliwi. Sasa kuna laini nyingine itapita sambamba na hiyo. Wenye nyumba zote za hapo walishalipwa fidia, wakapewa muda wa kuhama. Mwenye nyumba hii naye alishachukua yake. Sasa wewe umetokea wapi?"

"Nimenunua."

"Kwa nani?"

"Kwa huyo aliyeichukua."

Yule dada aliinuka, akamletea maji ya kunywa. Alimweleza kwa upole kwamba nyumba moja hailipwi mara mbili, kwamba kazi itaanza mvua zikiisha, na kwamba anaruhusiwa kung'oa chochote kinachong'oka.

Mzee Chenge alikuwa ameshavuka maji. Wengine walisema yuko Sengerema, wengine Geita, na simu yake haikupatikana. Sabina alimshitaki polisi, naye anatafutwa mpaka hivi sasa. Mwenyekiti wa mtaa alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mimi nilishuhudia mauziano, mama," alisema. "Sikushuhudia ukuta." Mihayo alikutwa kwenye genge la chai.

"Ulijua?" Sabina alimuuliza mbele za watu.

"Mayu, dalali anajua bei."

"Nimekuuliza kama ulijua."

Mihayo alikoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa. Hilo lilimtosha Sabina kuwa jibu.

Alimpigia simu Shigela siku hiyo hiyo, akamweleza kila kitu bila kujipunguzia. Shigela alifika kesho yake kutoka Magu. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu, mikono nyuma. Sabina alitegemea matusi. Badala yake kaka yake alimgeukia akiwa mtulivu kabisa.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe, mimi, Mihayo, mwenyekiti wa mtaa, polisi. Na watu wa umeme."

"Basi iuzwe kabla habari hazijafika mbali. Nimeshaongea na huyo Mihayo. Anaye mama mmoja wa upande wa Mara, anatafuta nyumba, huku Igoma hapajui. Ipakwe tena, iuzwe, tumnunulie mama mahali pengine."

"Kaka, hicho ndicho nilichofanyiwa mimi."

"Ndiyo. Na aliyekufanyia yuko salama, anakula."

"Mimi sifanyi."

"Sabina, wale ng'ombe walikuwa wako peke yako?"

Swali hilo lilikuwa la haki, naye hakujifanya halikumchoma. "Hapana," alisema. "Walikuwa wa mama. Kwa hiyo ndiyo kabisa sifanyi. Simlazi mama yangu juu ya kitanda cha mtu niliyemtapeli."

"Mama halali juu ya maneno. Analala juu ya kitanda, chini ya bati. Niliambiwa nitaliona hilo bati."

Sabina alisema hapana mara ya tatu, akaenda kibandani akidhani mambo yameisha. Shigela hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepata hasara na akaona njia fupi ya kuihamishia kwa asiyemjua. Watu hupenda kusema shida ndiyo inayomfanya mtu adanganye. Si kweli. Shida humwonyesha mlango tu. Kuingia anaingia mwenyewe.

Jumapili iliyofuata Sabina alirudi kutoka kanisani akaikuta nyumba yake inang'aa. Safari hii Mihayo alikuwa amejifunza: kuta zote nne zilikuwa nyeupe, na chokaa ilikuwa imetiwa gundi. Shigela alikuwa barazani amevaa koti. Pembeni yake alisimama mwanamke mnene, mchangamfu, amejifunga kitenge juu ya gauni la kanisa, ana tochi mkononi mchana kweupe.

"Huyu ni mama Akelo," Mihayo alisema haraka. "Anauza dagaa pale Mkuyuni. Kwao Shirati. Amepanga Kiseke, amechoka na mwenye nyumba."

"Nimechoka naye na mke wake na jogoo wao," Akelo alisema, akimpa Sabina mkono. "Dada, nimeingia mpaka chini ya vitanda vyako, nisamehe. Nyumba nzuri! Tochi yangu haikuona mchwa hata mmoja. Na upepo huu, dagaa wangu watakauka kabla sijamaliza kuwaanika."

"Karibu," Sabina alisema. Hakuongeza neno "kwako".

"Sasa niambie kitu kimoja. Mtu mwenye nyumba nzuri hivi anaiuza kwa nini?"

Shigela aliharakisha kujibu. "Anarudi kijijini kumtunza mama yetu. Miguu inamsumbua."

Kila neno katika jibu lile lingeweza kuwa kweli. Miguu ya mama ilikuwa inasumbua. Na Sabina angeweza kukaa kimya tu. Asingehitaji kudanganya kwa kinywa chake mwenyewe. Kimya chake kingemrudishia ng'ombe wa baba yake, kingempa mama yake kitanda karibu na hospitali, na kingemrudisha kaka yake nyumbani akiwa na amani. Alilijua hilo lote pale aliposimama na viatu vyake vya kanisani. Alimtazama Shigela, na Shigela alimtazama kwa macho ya kuomba, si ya kutisha.

Sabina aliingia ndani. Akatoka na ndoo ya maji na kipande cha gunia.

"Mama Akelo," alisema, "mimi ni fundi cherehani. Nguo yangu haitoki dukani kabla haijageuzwa. Njoo huku nyuma."

"Sabina!" Shigela aliita.

"Mayu, jamani, acha mama wa watu," Mihayo alisema. "Kuna vumbi huko."

Akelo alimfuata. Sabina aliloweka gunia, akasugua ukuta kwa mikono yote miwili, kama anavyosugua sufuria iliyoungua. Gundi ilikuwa ngumu. Akaokota kipande cha tofali, akaparua, akamwagia maji, akasugua tena. Maji meupe yalimtiririkia mpaka viwikoni na kuliharibu gauni alilolishona kwa ajili ya Pasaka. Akelo mwanzoni alicheka.

"Wewe dada, unauza nyumba au unaifukuza?"

Kisha mkono mmoja wa X ukatokea, mwekundu, ukateremka kutoka dirishani. Akelo akaacha kucheka. Sabina hakusimama. Alisugua mpaka mkono wa pili ukakatana na wa kwanza, mpaka alama yote ikawa wazi ukutani na nyaya zikivuma juu yao.

"Hapa nimekosea," alisema, akihema. "Nilinunua bila kugeuza. Nyumba hii iko chini ya laini ya umeme, aliyeniuzia alishalipwa fidia, na mvua zikiisha inavunjwa. Ukikataa, kataa sasa tukiwa tunatazamana."

"Uwii! Nimekataa!" Akelo alisema. "Nimekataa mara saba!" Akamgeukia Mihayo, ambaye alikuwa ameanza kurudi nyuma. "Na wewe mwenye viatu vya ncha! Uliniambia imepakwa kwa ajili ya sikukuu. Sikukuu ya nani, ya katapila? Njoo Mkuyuni siku moja, njoo tu, nitakupimia dagaa kichwani."

Mihayo aliondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kazi nyingine. Akelo alimshika Sabina mkono wenye chokaa, akautikisa kwa nguvu. Akawasha tochi yake bila sababu, akaizima, akaenda zake. Hakurudi na zawadi, wala hakuleta kitambaa cha kushonewa. Watu wanaotaka wema ulipwe kabla jua halijazama wasisubiri hapa.

Shigela alikuwa amebaki barazani.

"Umemchagua mtu usiyemjua," alisema, "ukamwacha mama yako."

"Sijamwacha. Nitamtafutia mama nyumba nyingine. Nisichoweza ni kumtafutia Mzee Chenge mjinga wa pili."

"Kwa ng'ombe gani?"

"Kwa cherehani."

"Cherehani!" Shigela alicheka bila furaha. Alivua koti, akalikunja, akalitia kwapani, akaondoka bila kunywa chai aliyokuwa amewekewa.

Sabina hakulia, wala hakujisifu kwa mtu. Wiki ile alikodi vibarua, wakang'oa bati, kenchi, milango na madirisha, naye akapanda juu mwenyewe kuwasaidia kutoa misumari ili mbao zisipasuke. Vitu hivyo vimepangwa nyuma ya kibanda chake, vimefunikwa kwa turubai. Kuta alizoziacha alizisugua chokaa yote, upande wa nyuma ukiwa wa kwanza, ili mtu yeyote atakayepita kabla ya mashine aone alama ikiwa wazi.

Kisha alipanda basi kwenda Magu kumwambia mama yake. Alimweleza tangu siku ya kigoda mpaka siku ya ndoo. Mama alimsikiliza akikanda miguu yake kwa mafuta.

"Huyo mama wa dagaa," aliuliza mwishoni, "amepata nyumba?"

"Sijui, mama."

"Muulizie," mama alisema, akaomba asogezewe kigoda apumzishe miguu.

Sabina yuko kibandani kila siku isipokuwa Jumapili. Nguo bado anazigeuza. Siku hizi, mtu akimletea kitu cha kununua, hata sukari ya kupima, hukigeuza pia, na muuzaji anayenuna huachwa na bidhaa yake.

Jambo hili limegharimu hivi: zizi la baba yake ni tupu, mama yake yuko Magu bado, mbali na hospitali, Sabina analala katika chumba kimoja cha kupanga, na kaka yake hajazungumza naye tangu Jumapili ile.